Picha Aliyosimuliwa Gulbahar

Gulbahar hakujua kukaa. Tangu alipoolewa na kuletwa Chang'ombe kutoka Lindi, majirani walimzoea hivyo: mkono mmoja unachambua mchele, mwingine unavuta pazia, jicho liko barabarani. Mama mkwe wake, Bi Khatun, alisema mkwe huyu ni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mumewe, Abbasali, muuza vitambaa asiyependa makelele, alikuwa ameshagundua dawa. Kila Jumatano alasiri sinema moja ya mjini iliweka onyesho la wanawake peke yao, naye humpa ruhusa aende. Akirudi, nyumba hupumua siku mbili tatu.

Picha za nyimbo na machozi aliwaachia mawifi zake. Yeye alitaka za kutisha: wafu wanaofufuka, majumba yenye popo, majeneza yanayofunguka yenyewe. Na alikuwa na maoni yake. Zimwi likishaonyeshwa mwili mzima, alisema, limekwisha. Kinachotisha ni mlango kabla haujafunguliwa. Vinanda navyo huharibu, maana vinampa mtu habari mapema kama mbiu ya mgambo. Lakini waliomuudhi kuliko wote ni wale wanawake wa Kizungu.

"Mwanamke mwenye akili zake anasikia kitu kinakwaruza chini ya nyumba, halafu anashika mshumaa anakifuata?"

"Wewe ungekifuata," Tekla akamjibu. "Tena bila mshumaa."

Tekla alikuwa Mhaya, mke wa Gaudens, karani wa reli. Alifundisha watoto wadogo katika shule ya misheni, na kila alipokuja dukani kununua uzi alikaribishwa uani kwa chai. Waliitana kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, Mama Sadru na Mama Romani, na walielewana kwa sababu Tekla alikuwa mtu wa kutulia kama maji ya mtungini.

Mwaka wa hamsini na tano Muharram ikaingia. Kwa Gulbahar na watu wake, Mashia, mwezi huo na unaoufuata ni miezi ya msiba: nguo nyeusi, majlisi za maombolezo, hakuna harusi wala sinema. Hakuwahi kulalamika; alimlilia Imamu Huseni kwa moyo wake wote. Lakini safari hii, katikati ya msiba, gari la matangazo likapita Chang'ombe na kipaza sauti chake. Picha mpya! Mjane katika nyumba iliyozingirwa na theluji! Mume aliyezikwa anarudi kubisha hodi! Siku chache tu, kisha picha inakwenda zake Mombasa.

Hapo Gulbahar akapoteza raha. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipanga mitungi ya achari, akaipangua. Kule majlisini, wanawake wenzake wakijipiga vifua, alijikuta anasikiliza hodi. Aliona haya, akajipiga kwa nguvu hata jirani yake akamshika mkono akisema, "Polepole, dada."

Tekla alipokuja, Gulbahar hakumngoja hata aketi.

"Mama Romani, nenda wewe. Ukaniangalizie."

"Mie? Mie naogopa hata paka."

"Ndiyo maana. Asiyeogopa atanisimulia nini?"

"Na msiba wenu?"

"Kusikia si kuona," Gulbahar alijibu, lakini aligeuza uso aliposema hivyo.

Tekla akaenda na mumewe. Kesho yake alasiri alikaa uani, akaweka kikombe chini, akasimulia kwa sauti ndogo. Mume wa yule mjane, alisema, hangurumi wala hana meno marefu. Anabisha mara moja, anangoja. Mlango ukifunguliwa anapita bila salamu, amelowa chapachapa, anaketi jikoni karibu na moto, maji yanamtiririka miguuni. Mkewe anampakulia. Hali kitu. Kukipambazuka hayupo. Jioni inayofuata anarudi, na kiti amekisogeza karibu zaidi na mkewe.

"Na mwanamke anafanya nini?"

"Anapika."

"Hapigi kelele?"

"Amwite nani? Ni mumewe."

Gulbahar alishika mkono wake mwenyewe, vinyweleo vimemsimama jua likiwaka. Tangu siku hiyo hakuingia peke yake katika chumba cha marobota ya vitambaa. Maji yakidondoka bombani aliruka. Siku moja Abbasali alikuwa anakula kimya, kama kawaida yake, mara mkewe akaangusha upawa.

"Sema neno!"

"Neno gani?"

"Lolote!"

Bi Khatun akaagiza mkwe wake asomewe dua.

Msiba ukaisha, nguo za rangi zikatoka sandukuni, na ile picha ikarudi kutoka Mombasa. Jumatano hiyo Gulbahar alimvuta Tekla kwenye basi mapema mno, wakakuta milango ya sinema bado imefungwa. Ndani aliketi ukingoni mwa kiti, pembe ya mtandio mdomoni.

Hodi ikapigwa. Mlango ukafunguka. Likaingia jitu lenye uso wa chokaa na meno kama ya mamba wa kuchonga, likanguruma, likamkimbiza mjane ngazi hadi ngazi, vinanda vikipiga mayowe. Wanawake walicheka mpaka wakamwaga njugu zao. Gulbahar alingoja. Alilingoja jiko, aliungoja moto. Taa zikawaka, watu wakainuka.

"Yule aliyeketi jikoni yuko wapi?"

"Mie sijui," Tekla alisema. "Nilifunika uso kwa kanga tangu hodi ya kwanza."

"Umenidanganya!"

"Uliniagiza nikuletee cha kuogopa, nikakuletea."

Walitoka, wakapanda basi. Viti vilikuwa tele, lakini Gulbahar alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akainama.

"Yule mtu ulimtoa wapi?"

Tekla alitazama nje kwanza. "Shangazi yangu Auleria, kule Bukoba. Mumewe alizama ziwani, maiti haikupatikana. Kila jioni alimpakulia. Sie watoto tulikatazwa kile kiti."

"Kwani aliwahi kuja?"

"Mtu sikumwona. Kiti nilikigusa asubuhi moja. Kilikuwa kimelowa."

Gulbahar akaketi, na safari hii hakuinuka mpaka kituo chao. Usiku na mchana wa wiki ile alimwaza yule shangazi: kama alitamani kiti kikauke, au aliomba kisikauke kamwe. Alianza kumchungulia Abbasali akiwa dukani, akipima kitambaa kwa mikono yake mipole, akawa anatoka kumletea chai asiyoiomba.

Mwaka uliofuata Gaudens alihamishiwa Tabora. Gulbahar alimsindikiza Tekla stesheni, akalia waziwazi mbele za watu. Baada ya hapo alirudia Jumatano zake peke yake. Alizicheka picha mbaya, alizisifu chache, na mtu akimuuliza maoni alisema Wazungu wanajua kutengeneza meno lakini hawajui kumketisha mfu. Hata hivyo, nje ya miezi ya msiba, hakukosa hata moja. Alikaa kiti cha pembeni, karibu na njia, na kabla taa hazijazimwa alikuwa ameshavua viatu na kuvivaa tena mara mbili.