Kiti Kipana cha Kisenyi

Mwaka ninaousema ni ule ambao Kampala ilikula maharage. Asubuhi maharage ndani ya katogo ya ndizi, mchana maharage na posho, ndiyo ugali wa huku, jioni mchuzi wa karanga kwa sababu tumbo limechoka na maharage. Samaki hakuna aliyemtaka. Kule Rwanda watu walikuwa wanauawa na kutupwa mtoni, na mto uliwaleta mpaka ziwani, na ziwa ndilo hilo hilo letu. Wavuvi wa upande wa Masaka walikuwa wanawaopoa na kuwazika. Nani atakula ngege baada ya hapo? Mimi nilikuwa mkaanga samaki pale Luzira, na meza yangu ilibaki na inzi peke yao. Sikumlaumu mteja. Hata mimi nilishindwa kumeza.

Mimi ni mtu wa Mumias, upande wa Kenya. Shule nilifika darasa la tatu, nikaitwa kulea wadogo zangu. Baadaye nikaolewa na Muganda, fundi wa injini za meli pale Port Bell, na ndiye aliyenileta huku. Alikufa miaka ya nyuma, kabla vita vya humu Uganda havijaisha. Hakufa kwa risasi, alikufa kwa ini. Aliniachia mabinti watatu, nyumba ya vyumba viwili tuliyoijenga kwa samaki wangu na mshahara wake, na uwanja mbele ya nyumba.

Uwanja wenyewe ulikuwa magugu tu. Lakini upepo wa ziwa unapita pale kila siku kama mtu anayejua njia ya kwao. Wakati wa kiangazi mabati yanawaka, ndani hakukaliki, paka mwenyewe anahama. Ukitoka nje ya mlango wangu, unapumua. Nikasema: samaki wamegoma, nitauza kivuli. Chai ya maziwa, mandazi, katogo, na mahali pa kukaa. Askari jela wa gereza la pale Luzira walikuwa wanatoka zamu na kunywa chai barabarani wamesimama, kikombe mkono huu, kofia mkono huu. Mtu aliyesimama anakunywa kikombe kimoja na kwenda zake. Aliyekaa ataongeza.

Viti vipya havikuwa vya mtu kama mimi. Nikaenda Kisenyi, kwenye vyuma chakavu.

Kuna watu wanaona takataka kule. Mimi niliona viti vinne vimetupwa juu ya mabomba, miguu juu kama mbuzi wa sikukuu. Vitatu vidogo, kimoja kipana chenye mikono iliyopindwa mwishoni kama pembe za kondoo. Vyuma tu, kamba zote zimekatika.

"Hivyo vilikuwa kwenye baraza ya Mhindi, mama," muuza vyuma akaniambia. "Tangu wafukuzwe."

"Na kamba ziko wapi?"

"Kamba zimeliwa na jua."

"Kwa hiyo unaniuzia mifupa."

"Mifupa ya ng'ombe, mama, si ya kuku. Kaa uone."

"Nikikaa kikavunjika, utanipa kiuno kingine?"

"Nitakuoa na hicho hicho kibovu."

Wachomeleaji wote wakacheka mpaka mmoja akazima moto wake. Nikavipindua viti kimoja kimoja. Kitu cha zamani usikitazame usoni. Tazama nyayo, pale maji yanapokaa, ndipo kutu inapoanzia kula. Kigonge kwa jiwe: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinakohoa. Na ukiona kimepakwa rangi mpya, kikimbie, hiyo ni poda juu ya kidonda. Hivi vilikuwa na rangi ya kale, ya kijani, imebanduka kwa uaminifu. Kidogo kimoja kilikohoa mguu, wakanichomelea hapo hapo. Tulivutana bei mpaka mwadhini akaadhini, muuza vyuma akachoka kabla yangu.

Kamba nilizipata kwa jirani yangu, Mkongo, aliyekuwa anauza mitumba. Yeye aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa umri wetu ulikuwa mmoja. Marobota ya mitumba yanafungwa kwa mikanda ya plastiki migumu, ya bluu, nyeupe na manjano, na wauzaji wanaikata na kuitupa. Yeye aliniletea furushi zima kichwani. Kwetu Mumias nilisuka vitanda vya kamba nikiwa bado na meno ya utoto, kwa hiyo mkono ulijua. Unavuta kwa goti, unafunga kwa chini, unarudi. Kiti kipana nilikisuka mwisho, bluu na manjano, vibao vibao kama sakafu ya kanisa kubwa.

Jirani akakizunguka. "Yaya, hii kiti iko muzuri kuliko bwana."

"Na haiombi chakula," nikasema.

Meza ilikuwa lile gurudumu kubwa la mbao wanalozungushia nyaya za umeme. Mafundi walikuwa wameliacha kando ya barabara mpaka nyasi zikalifunika, nikamwomba mlinzi wao, akasema ondoa uchafu huo. Tulilisukuma mimi na jirani, na kwenye mteremko likatushinda. Lilikwenda lenyewe, likaruka mtaro, likaingia kwenye migomba ya mchungaji na kulala juu ya mkungu. Mchungaji alitoka na kitabu mkononi akatutazama. Jirani akamwambia, "Baba, tuombee." Nikalipa ule mkungu kwa mandazi.

Mwavuli ulitoka kwa Mzungu mmoja mwanamke aliyekuwa anahama, mlimani juu. Alimwaga vitu vyake vyote kwenye majani, aviuze rahisi. Watu walikimbilia redio na pasi. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, kwa sababu vitu vya nje mtu anayehama anavisahau nje. Na kweli ulikuwepo, mwavuli wa turubai zito wa kukalia chini yake watu sita, umeegemea tangi la maji, panya wametafuna upande mmoja. Ukinusa turubai likakupiga pua, limeoza, liache. Hili lilinuka vumbi tu. Pale palipotafunwa nilishona gunia la unga wa ngano, maandishi yakabaki yanaonekana, na askari jela mmoja aliyejua kusoma kizungu alizoea kusema anakunywa chai chini ya mkate.

Basi kiangazi kilipofika, uwanja wangu ulikuwa uwanja. Magugu nimeng'oa, nimefagia, nimemwaga maji kupoza vumbi. Askari wanakaa, wanavua kofia, upepo unawapiga shingoni, wanaongeza kikombe. Mabinti wakarudi shule.

Sasa sikiliza desturi. Kwa Waganda mwanamke hukaa kwenye mkeka, mwanamume hukaa kwenye kiti. Mimi nilijifunza nilipoolewa, nikapiga magoti nikisalimia, nikakaa mkekani, sikuona ubaya. Hata viti vikiwa vyangu, nilipochoka nilikaa mkekani kando ya jiko. Kiti kipana nilikiweka kwa mgeni mkubwa.

Mgeni mkubwa akaja. Kaka wa marehemu. Ndiye aliyevishwa nguo ya gome siku ya kumaliza msiba, kwa kuwa mimi nilizaa wasichana, na kwa desturi alikuwa amerithi jina la kaka yake. Jina, si nyumba. Miaka yote ya magugu hakuonekana. Viti vilipotokea, akaja Jumapili moja baada ya kanisa, nikapiga magoti, nikamkaribisha kwenye kiti kipana. Akaweka mikono juu ya zile pembe za kondoo, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Jumapili iliyofuata akaja tena. Akawa wa kila Jumapili.

Kiti kinasema, lakini kinasema taratibu. Kwanza wapita njia walianza kumsalimu yeye. "Ssebo, bwana, kwako pamependeza!" wanaita kutoka barabarani, na yeye anajibu, "Tunajitahidi." Tunajitahidi! Hajawahi kung'oa jani moja. Kisha akaanza kuamrisha: mwavuli usogezwe huku, askari wasicheke sana. Mwishowe, Jumapili moja akiwa na kikombe cha pili, akaniambia bila kunitazama:

"Mulamu, mke wangu mdogo hana mahali. Hiki chumba cha pili kitamtosha."

Mulamu ni shemeji. Nikamuuliza, "Na mabinti zangu walale wapi?"

"Mabinti wataolewa. Na wewe kwenu si Kenya? Mtu hakosi kwao."

Aliposema hivyo alikuwa anapapasa kamba zangu za manjano kwa kidole gumba. Nikaona jambo lote mara moja, kama unapopindua kiti na kuona nyayo. Mimi mkekani, yeye kitini, mbele ya kila mtu, Jumapili baada ya Jumapili. Nani angeuliza nyumba ni ya nani? Mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha.

Jumapili iliyofuata sikungoja. Nilifagia, nikateleka chai, nikavaa gauni langu la kutokea, nikakaa kwenye kiti kipana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukikalia tangu nikisuke. Jamani, kile kiti! Kilinishika mgongo kama kilikuwa kinanisubiri. Jirani alipita na furushi lake akasimama katikati ya njia.

"Yaya, leo unataka kuua mutu?"

"Leo nataka kukaa."

"Basi na mimi ninabakia. Sitaki kuhadisiwa." Akatandika mkeka wangu kando ya jiko, akakaa, akaanza kumenya karanga za kwangu.

Shemeji akafika. Akasimama mbele yangu, kivuli chake miguuni kwangu.

"Mulamu, uko mgonjwa?"

"Mzima."

"Basi nipishe. Hii kiti ni ya mwanaume."

Nikamsalimu kwanza, kwa heshima zote, lakini nimekaa. Kisha nikasema: "Sitoki kwenye kiti hiki. Mkeka upo, karibu."

Karanga zikamwingia jirani njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi. Shemeji alinitazama, akaitazama barabara kuona ni nani ameshuhudia. Akasema atarudi na watu wa ukoo, tuone. Hakuonja chai.

Wiki ile nililala vibaya, sisemi uongo. Mwanamke mgeni, mjane, bila mtoto wa kiume; nilijua wenzangu waliotoka na vifurushi kwa kosa dogo kuliko hilo. Binti yangu mkubwa aliniambia, "Mama, mpishe tu, ni kiti." Nikamwambia, "Kingekuwa kiti tu, asingekwenda kuita ukoo."

Wakaja Jumapili, jua kali, mabati yanalia. Wazee wawili, shemeji, na shangazi wa marehemu, bibi kizee ambaye ndiye mwenye sauti katika ule ukoo, na wote wanajua. Mimi nilikuwa kitini. Viti vitatu vidogo nilivipanga chini ya mwavuli, mkeka nikautandika pembeni, safi. Nikawakaribisha. Wazee wakakaa kwenye viti wakiangaliana. Shangazi akautazama mkeka, akayatazama magoti yake.

"Nani amesuka hivi?" akauliza.

"Mimi, shangazi."

"Na mwavuli?"

"Nimeupata mlimani, nikaushona."

"Na huyu," akamwonyesha shemeji kwa fimbo, "amesuka kipi?"

Shangazi akajishusha kwenye kiti kidogo cha tatu, polepole, fimbo kati ya magoti. Mwanamke wa umri ule, kwenye kiti, mbele ya wazee wa kiume. Upepo wa ziwa ukaja ukamfunua kitambaa, akafumba macho. "Kumbe hii ndiyo raha mnayotuficha ninyi wanaume," akasema. "Niletee chai, sukari nyingi."

Binti yangu akaleta. Wazee wakanywa. Mmoja akaanza kuuliza habari za bei ya mahindi sokoni Kalerwe, mwingine akamjibu, na habari ya chumba cha pili haikupata mtu wa kuibeba.

Leo nina wajukuu saba, na kile kiti kiko pale pale mlangoni. Kamba nimeshabadilisha mara nyingi, chuma ni kile kile. Wajukuu wananiletea viti vya plastiki vya dukani, vyepesi, upepo unavipeleka kwa jirani. Wakiniuliza kwa nini nang'ang'ania hiki kizee, nawasimulia siku ile, hasa mwisho wake.

Maana shemeji alikuwa bado amesimama juani, peke yake, jasho limemlowesha kola. Akanisogelea, akainama, akashusha sauti ili wazee wasisikie.

"Mulamu, sikia. Chumba nimeacha. Simama kidogo tu, nikae hata nimalize kikombe kimoja, hawa wanione, kisha nakurudishia. Usiniaibishe."

Lilikuwa ombi dogo, na alikuwa anatia huruma. Nikaweka mikono yangu juu ya zile pembe za kondoo, nikaegemea kamba zangu, nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Sitoki kwenye kiti hiki. Mkeka upo, karibu."