Watu Sita Chumbani Kwangu

Nianze na upumbavu wangu, maana mtaani wameshachoka kuusimulia: kwa Alhamisi nne mfululizo niliandikisha watu sita kazini nikiwa nimelala kitandani, nikaamini simu haijui nilipo. Mimi niliyemaliza sekondari, na jiografia nilifaulu.

Chama chetu kinapeleka watu wa kujitolea kwenye kituo kimoja cha afya huko Jabe, kupima uzito wa watoto. Zamani tulikuwa tunatia sahihi kwenye karatasi. Kisha ikaja programu ya simu: mtu akifika unagusa jina lake, akiondoka unaligusa tena, nayo inajumlisha saa zake. Simu ya chama nilikabidhiwa mimi, eti kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mwandiko na simu vinahusiana vipi, sikuuliza. Cheo hakikataliwi.

Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Petroli ilipokosekana na mabasi yakalala kwenye foleni, wenzangu walilalamika. Mimi nilimshukuru Mungu kimyakimya. Kutoka kwetu Gihosha kwenda Jabe kwa miguu unateremka vizuri, lakini kurudi ni kilima kitupu. Kwa hiyo nilimtegemea jirani yangu, mama mmoja aliyetoka Uvira, ambaye hajawahi kukosa hata Alhamisi moja. Alikuwa anateremka kwa miguu, akifika ananipigia: "Papa, tuko wote." Nami nagusa majina sita, langu likitangulia, kisha nageukia ukutani. Saa sita mchana anapiga tena: "Tumemaliza." Naamka nusu, nagusa.

Saa za wenzangu zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa jina langu tu, nami niliuona mdogo.

Mama huyo alikuwa anatafuta saa mia moja ili chama kimpe cheti. Bila cheti asingepokelewa kwenye mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi, na kujiandikisha kulikuwa kunafungwa Ijumaa. Jumatatu tukaenda pamoja ofisini kukichukua. Mratibu, mwanamke asiyepandisha sauti, akageuza kompyuta yake ili tuone. Ilikuwa ramani ya mji, na juu ya paa la nyumba yangu palikuwa na alama sita nyekundu.

"Mzee," akaniuliza, "watoto mulikuwa munawapimia mu chumba yako?"

"Apana, mama, walikuwa Jabe. Ni simu tu ilikuwa kwangu."

"Na we mwenyewe ulikuwa wapi?"

"Karibu na simu."

Jirani yangu hakucheka. Saa za Alhamisi zile nne zilikuwa zimefutwa, na bila hizo mia haikufika. Nikakiri yote. Mratibu akasema saa hazirudi kwa maneno. Alitaka kuona maandishi yanayoonyesha nani alikuwa kituoni. "Na mwenye kuyatafuta ni we," akaongeza.

Kesho yake nikateremka Jabe kwa miguu. Muuguzi mkuu akaniuliza kama nimeleta mtoto. Nilipojieleza akanifungulia daftari la uzito. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa mwandiko wa jirani yangu: jina la mtoto, kilo zake, na pembeni maneno kama "analia sana" au "arudi wiki ijayo". Chini ya kila siku watu watano walikuwa wametia sahihi. Ya sita niliitafuta hata hivyo. Mtu hawezi kujua. Nikapiga picha, nikarudi nikipanda kile kilima, nikisimama kila mahali penye kivuli na nikijifanya nasoma ujumbe.

Jumatano mratibu alirudisha saa za wale watano. Zangu zikabaki zimefutwa, na simu ya chama ikahamia kwa jirani yangu, jambo ambalo hakuna aliyelipinga, hata mimi.

Alhamisi jioni alipita mlangoni kwangu, cheti kikiwa ndani ya bahasha. Nikaona ni nafasi nzuri ya kumkumbusha ile safari yangu ya kwa miguu. "Unaona, mama," nikamwambia, "mwishoni nimekusaidia."

Akanitazama, akahamishia bahasha kwapani.

"Papa, mi sina kasirani tena. Lakini siku ingine ukisikia unataka kunisaidia, uache."