Dalali wa Mdogo Wangu

Namsifu Mungu aliyenivumilia miaka mingi. Hata wivu huu ninaousimulia aliuona wote, asinitupe.

Magoti ya mke wangu yalipochoka na miteremko ya Marangu, tuliamua kununua nyumba Moshi, mahali pa tambarare. Mdogo wangu naye alikuwa akitafuta. Yeye aliweka dalali, mama mmoja wa makamo. Mimi nilikataa. Muuzaji wangu alikuwa mzee wa kanisa kama mimi; niliona aibu kumpelekea mpelelezi.

"Kaka, hiyo nyumba unayoitaka kule Rau niliiona kabla yako," mdogo wangu aliniambia. "Dalali alinikataza. Alisema tuirudie masika."

"Unamlipa mtu bei ya ng'ombe mtamba ili akukataze?"

"Amenikataza nyumba tatu, kaka. Ya nne ndiyo akasema nunua."

Nilicheka. Nilinunua mwezi wa pili, vumbi likitimka, mlima ukionekana wote.

Aprili maji yaliingia kwa mlango wa nyuma yakatokea sebuleni. Mke wangu, amekaa kitandani miguu juu, aliniuliza, "Mzee, umeninunulia nyumba au bwawa la samaki?"

Muuzaji alinijibu kwa upole kwamba sikuwahi kumuuliza habari za maji. Ni kweli. Nilimuuliza habari za wajukuu na kwaya.

Nilikwenda kwa mdogo wangu kuomba chumba. Mvua ilikuwa ikinyesha, na sakafu yake ilikuwa kavu. Mungu anisamehe, nilitafuta ufa ukutani, kona hadi kona, nikitamani niuone. Sikuuona.

"Mlete shemeji leo leo," alisema kabla sijamaliza kuomba. Wema wake ulinichoma kuliko kama angenicheka.

Mke wangu sasa anatembea kwa mdogo wangu bila fimbo, na namsikia akicheka jikoni mwao. Kile kicheko ningependa niwe nimekinunua mimi.

Juzi nilimwendea yule mama dalali. Nilimwomba aiuze nyumba yangu, na kila mteja amwambie ukweli wa masika. Kisha anitafutie nyingine; malipo yake nitayatoa.

"Nitakukataza sana, mzee," alisema.

"Nikataze, mwanangu."

Wivu haujaisha; kila asubuhi naupeleka kwenye maombi. Nawe unayesoma, Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe moyo wa kufurahia heri ya ndugu yako.