Uso wa Aremburga Juu ya Mlango wa Kanisa

Aremburga alikuwa mjane aliyeoka mikate katika kijiji kimoja cha jimbo la Saintonge. Gombaud, mchonga mawe, alitaka kumwoa. Aremburga alimkatalia kisimani, mbele ya watu, naye akaondoka amenuna.

Wakati huo Gombaud alikuwa akichonga mapambo ya mlango mkuu wa kanisa jipya. Siku jukwaa la mafundi lilipoondolewa, watu waliinua macho wakaiona sanamu ya dhambi ya uasherati: mwanamke uchi, nyoka wawili wakimng'ata matiti. Pua iliyopinda na kovu la kidevuni vilikuwa vya Aremburga.

"Mama mikate, nyoka wako wameshanyonya leo?" vijana walimzomea sokoni.

Alimfuata Gombaud. "Niondolee uso wangu pale."

"Ungenikubali, ningekuchonga malaika," akajibu, akacheka.

Aremburga alichukua nyundo ya Gombaud mwenyewe, akaegemeza ngazi, akaupiga ule uso mpaka ukabaki jiwe tupu. Padri alitoka mbio, akamhukumu asimame pekupeku mlangoni kila Jumapili ya Kwaresima. Akasimama, amekaza taya, bila kumwomba mtu msamaha.

Padri alipomwamuru Gombaud achonge uso mwingine, wanawake walijaa chini ya ngazi.

"Thubutu kuweka wangu," mke wa mhunzi alimwambia, "uone kama utashuka mzima."

Gombaud aliwatazama, akafungasha patasi zake, akarudi nyumbani. Yule mwanamke wa jiwe hakupata uso tena, na Aremburga hakumsalimia Gombaud mpaka siku kijiji kilipomzika.