Kibuyu cha Marehemu Mume Wangu Kinaliwa na Wadudu Ukutani

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Nimemwomba mhariri anifichie jina, maana Mkikuyu aliyeolewa na Mkipsigis hapa pande za Kapkatet, hata mkitaja herufi moja tu nitajulikana. Nina miaka thelathini na minne, ni mjane, na Mungu hakunijalia mtoto. Naishi peke yangu kwa nyumba ya mbao karibu na kituo cha kupimia majani chai. Nina ng'ombe mmoja, na redio ambayo betri zake zikilegea nazianika juani.

Mume wangu nitamwita Kiprono. Wakati wa zile fujo za uchaguzi ndugu zangu walifunga virago wakahama, nikakataa kumwacha mume wangu, nao hawajanisamehe mpaka leo. Halafu mwaka juzi Kiprono akaugua kifua, akaniacha. Wakati wa matanga watu walijaa, wakaimba, wakala, wakaenda zao. Tangu hapo ni mimi na mvua. Nasema ukweli, kuna siku naongea na ng'ombe mpaka naona haya.

Siku ya mazishi, watu wakihamisha vyombo ili wageni wapate pa kukaa, kibuyu chake cha mursik kilianguka kikapata ufa. Mursik ni yale maziwa ya kulala yenye masizi ndani, na kibuyu chenyewe huku wanakiita sotet. Mtu mmoja alitaka kukitupa nyuma ya nyumba. Nilimnyang'anya nikakificha chini ya leso yangu.

Mama mzazi alinifundisha kusuka viondo, vile vikapu vyetu Wakikuyu vya mkonge, nikiwa msichana. Basi jioni moja, kwa upweke tu, nilichukua uzi wa mkonge nikaushona ule ufa kwa mshono wa kiondo. Ufa ukaisha, mikono ikakataa kuacha. Nikaendelea kukizungushia uzi na kutia shanga. Shanga za kijani ni za majani chai, kwa sababu kila jioni alirudi kutoka kuyachuma, mikono ya shati ikiwa imelowa umande na mvua. Za kahawia ni za sweta niliyomfumia mwenyewe, mikono ikatoka mirefu kuliko yake, naye akaivaa hivyo hivyo hadi kanisani. Kuna mstari mwekundu uliopinda. Huo ni wa siku tuliyogombana kwa sababu alisema ugali wa Wakikuyu ni uji uliochelewa. Ningeweza kuunyoosha, lakini ule ugomvi pia naukosa.

Nikishona silii. Nikiweka sindano chini ndipo nalia.

Nilipomaliza nilikitundika ukutani, kitupu, juu ya kiti chake. Kila jioni nafungua kifuniko nanusa. Masizi yaliyo ndani aliyapaka yeye kabla hajaugua. Kwetu hatujui mambo ya mursik, kwa hivyo ndiye aliyenifundisha kuchoma kijiti, kusaga makaa yake ndani ya kibuyu na kusugua kwa ufito mrefu aliouchonga kwa kazi hiyo. Mimi nikianza vibaya, yeye anamalizia. Wanaume wenzake walimcheka, "Kiprono, siku hizi wewe ndio bibi?" Akawajibu, "Na nyinyi mnakunywa chai ya rangi." Akasugua.

Sasa, mwezi uliopita mama mkwe alinitembelea. Tangu arusi yetu mama huyu alikuwa hajawahi kuonja kitu nyumbani kwangu, hata chai. Kiswahili chake hakina z wala b, na mimi l na r hunisumbua, lakini huwa tunaelewana. Aliingia, akasimama mbele ya ukuta.

"Hii ndio sotet ya kijana yangu?"

"Ndio, Mama."

"Umevalisha yeye nguo ya Kikuyu."

Alikishusha, akakigonga chini kwa kidole, na unga mwembamba ukamwagika kwenye kiganja chake. Fukusi, wale wadudu wa kutoboa, walikuwa wanakila.

"Ona. Inakufa. Hii si picha ya kutundika. Sotet pila masiwa inakufa."

Kumbe mimi nilidhani nakihifadhi! Kiondo ukikitundika mahali pakavu kinaweza kukuzika. Nani angeniambia kwamba kibuyu kinataka kazi?

"Osha, choma kijiti, sugua," akasema. "Weka masiwa."

"Mama, nikisugua harufu yake itaisha. Hiyo ndio inanisaidia kurara."

Aliketi kwenye kiti cha mwanawe. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Akasema, "Na nani atakunywa, unajiulisa? Mimi nitakunywa. Si mimi ndio nilipatia yeye masiwa ya kwanza?"

Aliniachia kibuyu mapajani, akajifunga shuka, akasema atarudi Krismasi.

Ndugu wasomaji, mmeona nilipokwama. Ule ufito bado uko pale pale alipouchomeka yeye, darini juu ya jiko. Nikiushika mimi, mkono wa mwisho ndani ya kibuyu hautakuwa wa Kiprono tena. Nisipoushika, Krismasi mama atafika akute shanga na unga. Na huyu ndiye mtu wa kwanza, tangu nifiwe, kuniambia atakuja kunywa kitu kwangu. Maziwa ninayo. Mengi humwagika kwa kukosa mnywaji.

Nyinyi mliowahi kuzika mtu wenu, niambieni bila kunificha: nikisugue nikae na mama, au nikiache nikae na harufu mpaka iishe yenyewe?