Kitambaa Nisichokigeuza

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya skii ughaibuni, mjini Saint Louis Park, Meneja hakunionyesha skii hata moja. Alinisimamisha mbele ya majora ya kitambaa cheupe, akauliza nilifanya kazi gani nyumbani. Nikamwambia nilikuwa fundi cherehani, Morogoro. "Vizuri," akasema. "Hapa utashona bila sindano."

Tuliwauzia vifaa watu wanaojitengenezea skii majumbani. Skii, ule ubao mwembamba wa kutelezea juu ya theluji, haipati nguvu zake kwenye mbao peke yake. Kiini cha mbao hulazwa katikati ya vitambaa viwili vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa gundi, kisha vyote hubanwa hadi vikauke na kuwa kitu kimoja. Nyuzi za urefu huizuia skii isipinde kupita kiasi. Za mshazari huizuia isijisokote. Mtu mzito tulimwongezea ukanda wa nyuzi za kaboni, ambazo ni ngumu zaidi. Mtoto hatukumpa, kwa kuwa skii ngumu humshinda. Kuchagua matabaka hayo na kuyakata ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Jora lenye nyuzi za urefu na za mshazari, na jora la mshazari mtupu, hufanana ukitazama uso mmoja. Ni lazima kitambaa ukigeuze. Mwaka wangu wa tatu, kwa kiburi cha mzoefu, nilimkatia Mama Furaha bila kugeuza. Huyu ni mama wa Bukavu aliyekuwa akimtengenezea binti yake skii katika gereji ya nyumbani kwake, Roseville, mji wa jirani. Kesho yake asubuhi niliona jora la mshazari mtupu limepungua, nikaelewa kwamba nimemkatia kitambaa kisicho na nyuzi za urefu. Skii ile ingekunjika mlimani, mtoto akiwa juu yake.

Nakiri kwamba kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai niliwaza kunyamaza. Kisha nikamweleza Meneja. Tulipiga simu, haikupokewa. Akanipa funguo za gari la karakana.

"Nenda mwenyewe," alisema. "Kama ameshapaka gundi, ivunje skii hiyo mbele yake, umweleze kwa nini."

Nilimkuta gerejini amevaa glavu, makopo ya gundi hayajafunguliwa. Kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa pembeni.

"Dada, ile kitambaa nilivuta kidogo, ikavutika sawa mpira," alisema. "Nikasema, hii haitabeba mutoto yangu."

Nilimwambia kosa ni langu, na nilivyolifanya.

"Na weye ulikuwa mushonaji?" Alicheka. "Watu uliwashonea nguo gani?"

Nilicheka naye. Kisha nikamkabidhi kitambaa sahihi, tukakigeuza pamoja mara mbili.

Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na miwili, kwa kuwa ngozi yangu haivumilii tena gundi ile. Vijana wa karakana hunitajia wasichowahi kukosea, nami huwasikiliza kwa adabu. Ninachojivunia ni safari moja ya Roseville. Majira yale ya baridi nilisimama chini ya kilima nikamtazama Furaha akishuka: skii zilipinda, zikanyooka, zikapinda tena. Alisimama mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini ninalia. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni upepo. Huo ni uongo, na sijaona haja ya kuutubu.