Mhola ya Pili

Swali lililoninyima usingizi kwa siku nne lilikuwa hili: sentensi uliyoiandika mara moja ikiwa kweli, halafu ukaiacha ijirudie miezi kumi bila kuwa kweli tena, ni uongo au ni uzembe tu?

Mimi ni mtu wa kuwaza. Mama anasema nikitumwa chumvi nawaza kwanza kama duka litakuwa wazi, kisha kama mwenye duka ataniuliza habari za ajira. Huwa anauliza kweli. Nina shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na tangu nimalize chuo niko nyumbani Bariadi, natuma maombi ya kazi na kusubiri. Kanisani waliniona nina kompyuta na muda, wakanirithisha kazi ya mama, ukatibu wa baraza la wazee. Yeye aliishika tangu sijaanza shule, mpaka macho yalipoanza kumfanya aandike mstari juu ya mstari.

Baraza letu ni la watu saba pamoja na mchungaji, na hukutana Jumamosi moja kila mwezi. Agenda ya mwisho inaitwa Mhola. Huku kwetu Usukumani ukikutana na mtu unamwuliza "Mhola?", naye anajibu "Mhola", yaani amani, hata kama ametoka kuzika. Ni baada ya hapo ndipo anaposema "ila", na kinachofuata hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Waliolianzisha kanisa letu walilijua hilo, wakaweka utaratibu: kabla ya kufunga kikao, kila mjumbe, kuanzia mchungaji, anaulizwa mhola mara mbili. Ya kwanza ni salamu, jibu upendavyo. Ya pili unasema kweli: kama unaomba au umeacha, umekosana na nani, nini kinakulemea. Wenzako wanakuuliza, wanakushauri, wanakuombea.

Kikao changu cha kwanza tulifanya hivyo. Nikaandika kwenye kompyuta: "Mhola: Kila mjumbe aliulizwa mara mbili, alieleza hali yake, aliombewa." Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa na vitenzi vitatu na haikuwa na neno la ziada.

Kikao cha pili hatukufika huko. Mchungaji wetu si mvivu, na sitaki mtu amwelewe hivyo. Anahudumia kanisa la mjini na vituo vitatu vijijini. Asubuhi utamsikia yuko Lamadi kwenye kamati ya ujenzi, mchana yuko msibani, jioni anafundisha semina Maswa. Injini ya pikipiki yake haipoi. Wazee nao wana kwaya, wana kamati za harusi, wana kamati ya kuandaa mkutano wa kamati. Agenda za kazi hula saa tatu nzima, na Mhola inawakuta watu wamekwisha simama.

"Sisi ni wazima, sivyo?" mchungaji husema, kofia ya pikipiki iko mkononi.

"Mhola duhu," wazee hujibu kwa pamoja, yaani amani tu. Sala fupi, na kila mtu njia yake.

Nami nyumbani nilifungua faili la mwezi uliopita, nikabadili tarehe, nikabadili habari za ujenzi, nikahifadhi. Sentensi ya Mhola ilikuwa chini kabisa, nzuri kama nilivyoiacha, sikuigusa. Kikao kilichofuata mchungaji alitia saini bila kuisoma. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi.

Sasa kuna mzee mmoja wa baraza, mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache. Alikosa vikao vitatu, na Jumapili akawa haonekani. Suala lake lilipoletwa mezani, wajumbe walitaka kwanza kumhurumia. Ndipo mzee mwingine, dereva mstaafu wa mabasi ambaye hakosi neno, akasema, "Lakini jamani, huyu si tulikuwa tunamwuliza? Katibu, si imeandikwa?"

"Imeandikwa," nikasema.

Mchungaji akachukua jalada la kumbukumbu akafunua kurasa moja baada ya nyingine, na kila ukurasa akakutana na sentensi yangu. Aliulizwa mara mbili. Alieleza hali yake. Aliombewa. Nilikuwa nimekaa pale pale na kalamu yangu.

"Basi alituficha," mchungaji akasema kwa huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Kukosa vikao ningesamehe. Lakini kila mwezi mtu anaulizwa na anasema mhola? Huyo hawezi kuendelea kuwa mzee wa kanisa. Mwandikieni barua aje kikao kijacho, tumalize."

Barua niliiandika mimi. Kuipeleka pia nilitumwa mimi.

Nilimkuta nyumbani kwake, nje kidogo ya barabara ya Lamadi, ameketi kwenye mkeka mbele ya lundo la pamba, akitenga safi na fifi, ile chafu isiyopokelewa kwa daraja la kwanza.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia.

"Mwangaluka, katibu. Kaa hapo uchambue. Aliyesoma naye ana vidole."

Nilikaa. Tulichambua kitambo kabla hajaifungua barua. Aliisoma polepole, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka chini ya goti lake ili upepo usiichukue.

"Wanasema niliulizwa," akasema.

Niliokota pamba nyingine nikaitenga.

"Binti yangu alipofariki, wewe ulikuwa chuoni bado. Tangu siku ile nikifumba macho kuomba, siombi. Maneno yapo, nayasema, hata misibani naongoza sala na watu wanasema amina. Ila ndani hakuna kitu." Aliokota jani kavu kwenye pamba akalitupa. "Nilikuja kikao cha mwezi wa kumi nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga, nikasema leo wakiniuliza ya pili nitasema. Simu ya mchungaji ikalia. Tukaimba, tukatoka. Mwezi uliofuata nikayabeba tena. Kisha nikachoka kuyabeba."

"Ungesema tu, baba. Bila kuulizwa."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avune kabla ya kupanda. "Mwanangu, mimi nina miaka yangu. Niwasimamishe watu wenye kofia mkononi, niwaambie siwezi kuomba? Ndiyo maana wazee wetu waliweka ya pili. Ya pili inakufungulia mlango. Ukijifungulia mwenyewe unaonekana mwizi."

Niliondoka na fuko la viazi vitamu alivyolazimisha nipokee. Njiani kwenye bodaboda niliwaza mambo mengi, na mengi yalikuwa juu yangu mwenyewe. Mchungaji ndiye mdhamini ninayemwandika kwenye kila ombi la kazi. Mwombaji wa kazi ya kutunza kumbukumbu, na mdhamini wake anajua kwamba ameghushi kumbukumbu: nililigeuza wazo hilo kila upande na halikuwa na upande mzuri. Halafu nikajitetea kwamba sikughushi, nilinakili tu. Halafu nikakumbuka barua ile chini ya goti.

Nilidhani njia ya heshima ni kumwona mchungaji faraghani kwanza. Nilimpigia, akasema, "Mwanangu, niandikie ujumbe." Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine: "Baba mchungaji, naomba kukuona, kuna kosa kwenye kumbukumbu." Akanirudishia picha ya kidole gumba. Siku ya tatu nilimkuta kituo cha mafuta.

"Nina dakika tatu," akasema, akicheka, kwa sababu anajijua.

Mbili zilikwisha kwenye salamu. Nilipofika kwenye neno "kumbukumbu", akasema, "Rekebisha, mwanangu, nakuamini, nitasaini," akawasha pikipiki. Nilibaki pale na harufu ya petroli. Maneno hayo ya kuniamini yaliniuma kuliko kama angenikaripia.

Mama ndiye aliyenitoa kwenye mzunguko. Nilimweleza yote jikoni, akiwa anachambua mchele kwa kupapasa kwa sababu macho hayamsaidii.

"Kwa hiyo umesomea kutunza kumbukumbu," akasema, "ukatunza zisizokuwepo."

"Mama."

"Nini? Nimekosea? Leta lile daftari langu, liko chini ya kabati."

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, yale tunayoita kaunta buku, limekunjika pembe. Aliniambia nitafute popote, nisome palipoandikwa Mhola. Nilisoma kwa sauti, mwandiko wake wa zamani, ulionyooka:

"Mchungaji: Mhola. Ya pili: Mhola, ila hajaomba peke yake tangu mavuno. Aliulizwa sababu. Alisema ni kazi za kanisa. Aliulizwa kazi za kanisa ni za nani. Alinyamaza. Baraza liliamua akae nyumbani Jumatatu na Jumanne, asiitwe na mtu, hata kwa msiba. Wazee watazika."

"Mchungaji yule wa zamani alikasirika?" nikauliza.

"Wiki moja. Kisha akawa anaitunza Jumatatu yake kama ng'ombe wa maziwa." Akapuliza pumba. "Unafikiri sisi hatukuwa na kazi? Tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka huko anakokwenda huyu wa sasa na pikipiki. Ila Mhola hatukuiruka, tulichelewa tu kuondoka."

"Nikisema kwenye kikao, mchungaji ataaibika. Alisaini."

"Na yule mwenye pamba, yeye haaibiki?"

Nikalifunga daftari, nikalitia kwenye mkoba wangu. Siku hiyo nililala vizuri, jambo ambalo pia nililiwazia kidogo asubuhi yake.

Kikao kilipofika, mzee yule alikuja. Alikaa karibu na mlango, shati limepigwa pasi, barua mfukoni. Hakuna aliyekaa karibu naye, ingawa kila mmoja alimsalimia. Mchungaji alifungua kwa sala, akaeleza kwamba saa sita anatakiwa Maswa, tukaingia agenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Hapo siku zote kuna swali moja na halina jibu.

"Hakuna marekebisho?" mchungaji akauliza, na kalamu yake ilikuwa imekwisha gusa karatasi.

"Yapo," nikasema.

Kalamu ikasimama. Dereva mstaafu akageuka kunitazama kama abiria aliyepiga kengele ya kushuka porini.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Sikuyasoma. Nilisema: "Kumbukumbu za miezi kumi, kipengele cha Mhola, si za kweli. Niliandika mara moja, nikawa nanakili. Hakuna mjumbe aliyeulizwa mara mbili tangu kikao changu cha kwanza. Mzee wetu hapa hakuulizwa. Hakuficha kitu. Naomba iandikwe hivyo, na jina langu liandikwe kwamba ndiye niliyekosea."

Simu ya mchungaji ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikasogea yenyewe kidogo kidogo mpaka ikagonga Biblia yake. Hakuichukua.

"Katibu," dereva mstaafu akasema, "mtu akipitishwa kituo husema mapema. Wewe umengoja tufike Mwanza."

Watu wawili wakacheka, na ikasaidia.

"Kosa si lake peke yake," mchungaji akasema baadaye. Alikuwa anafunua jalada lile tena, safari hii akitazama saini zake. "Mimi nilikuwepo. Nilijua sikuulizwa, na nilijua sikumwuliza mtu. Nilisaini yote." Akamgeukia mzee aliyekuwa mlangoni. "Mzee, naomba hiyo barua."

Mzee akainuka, akaileta mbele. Mchungaji akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mfuko wa koti lake. "Hii ilikuwa yangu," akasema. Akavuta kiti kilichokuwa tupu kando yake, na mzee akakaa.

Hapo ningeweza kuishia. Mambo ya mzee yalikuwa yamenyooka, kosa langu limesemwa, na mchungaji alitazama saa ya ukutani kwa mazoea tu. Nilijua tukiingia agenda ya tatu, ya ujenzi, Mhola itatukuta tena tumesimama. Katibu huwa haulizi, huandika tu. Mama hakuwahi kuuliza hata mara moja katika miaka yake yote, alinihakikishia hilo.

"Naomba Mhola iwe agenda ya kwanza, na tuanze sasa," nikasema. Hakuna aliyepinga, lakini hakuna aliyeanza pia. Kila mzee aliitazama meza. Utaratibu unasema tuanze na mchungaji, na kumwuliza mchungaji kumekuwa kama kumvua kofia.

Nilifunga kompyuta. Nilitoa kaunta buku la mama kwenye mkoba, nikafungua penye karatasi nyeupe zilizobaki baada ya mwandiko wake, nikaandika tarehe.

"Baba mchungaji," nikasema. "Mhola?"

"Mhola," akajibu haraka.

Nikaliandika, kisha nikauliza ya pili.

"Mhola?"

Alichukua simu yake, akaizima kabisa, akaiweka chini ya kiti. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Tulimsikia mpaka akamaliza.

"Mhola," akasema. "Ila."

Nikaliandika neno hilo, nikaacha nafasi kubwa mbele yake.